Siku Niliyoandika Kheri Ubaoni

Vijana wangu, nimeombwa niwaandikie nyinyi mlioajiriwa juzi katika ofisi za maafa na dharura, nyinyi wa vizibao vyenye mifuko kumi na miwili, ambavyo sijamwona hata mmoja wenu akijaza zaidi ya miwili. Aliyeniomba ni Bi Hodan, mkubwa wangu wa zamani hapa Kismayo. Alinipigia simu akasema, "Adeer, waandikie uzoefu wako, usiende nao kaburini." Adeer kwa Kisomali ni ami. Bi Hodan akikuita ami kabla ya kusema haja yake, jua umeshakubali, kilichobaki ni wewe kuambiwa tu.

Nafasi ninayo. Nimestaafu. Nyumba yangu ina vyumba vitatu nami nakaa kimoja, kile chenye dirisha la barabarani. Vile viwili nimevifunga, maana vumbi la vyumba vitatu kwa mtu mmoja ni dhuluma. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma. Binti yangu yuko Nairobi, kila Ijumaa hunitumia ujumbe wa sauti, nami huusikiliza mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya habari, mara ya pili kwa ajili ya sauti. Basi hata msiposoma, mimi nitakuwa nimepata mtu wa kuzungumza naye.

Nianze na aibu, ili mkiikuta kwa wengine msione nimewaficha. Mimi ni Mbajuni, mababu zangu watu wa kisiwa cha Fuma, waliochonga vyombo na kuvua kizazi baada ya kizazi, na mimi bahari inanitapisha. Sisemi bahari iliyochafuka. Siku moja nilishuka kwenye boti iliyofungwa gatini, mashine imezimwa, nia yangu kumkabidhi nahodha betri. Nikatapika kabla sijamkabidhi. Mzee Lali, mkuu wa boti za shirika letu, alikuwa amesimama juu yangu gatini, akawaambia watu wote, "Mwacheni. Huyu bahari aijua kupitia sahani."

Basi kazi iliyonifaa ilikuwa ya kukaa. Kwa miaka kumi na minane nilikaa mbele ya redio ya mawasiliano katika shirika dogo lililokuwa likihudumia visiwa: zahanati, matangi ya maji, nyavu, vitu kama hivyo. Redio ilikuwa ya kazi ya kila siku, na ikitokea shida, boti imepotea, kipindupindu kimeingia, risasi zimelia bara, redio ile na meza ile na mimi ndio tulikuwa ofisi ya dharura. Cheo changu kilikuwa kirefu, "Afisa wa Mawasiliano na Matayarisho ya Dharura", kirefu kuliko meza. Meza yenyewe mguu mmoja ulikuwa mfupi, nikautegemeza kwa mpango wa dharura.

Si mzaha. Mpango ulikuwa kurasa sitini, umeandikwa kwa Kiingereza na mtaalamu aliyekaa kwetu siku tisa na kuumwa na tumbo siku saba. Mimi nilimaliza sekondari tu. Nusu ya mpango niliielewa, na nusu nyingine ilikuwa mishale. Mzee Lali aliutazama mara moja akauliza, "Ofisi ikiwaka moto, huu ndio twasoma kwanza au twauchoma kwanza?"

Alinifundisha kuandika mpango wa ukurasa mmoja. Jambo la kwanza, nani anaita. La pili, nani anakwenda. La tatu, nani anabaki. Ukishindwa kuvijaza hivyo vitatu kwa majina ya watu wanaokula na kulala, alisema, huna mpango, una barua. Pia alinifundisha kwamba betri iliyoandikwa "imejaa" haijajaa mpaka mkono wako mwenyewe uipime, na kwamba mkoba wa dharura usiwekwe tende, kwa sababu Ramadhani huwa ni dharura kila siku ikifika magharibi. Sisi tuliweka. Tulipoufungua siku tulipouhitaji, tulikuta kokwa.

Mazoezi je? Tulifanya. Zoezi letu la kwanza la kutoka ofisini kengele ikilia, mtaalamu mwingine alisimama nje na saa mkononi. Kengele ikalia. Tukatoka chumbani kwa nidhamu kubwa, tukafika mlangoni, tukakwama. Ofisi yetu ilikuwa na zulia, na kwetu mtu haingii kwenye zulia na viatu. Watu ishirini walikuwa wameinama mlangoni, kila mmoja akitafuta makubadhi yake. "Hiki cha kushoto ni changu!" "Walaal, ndugu yangu, hicho ni cha mke wangu, nimekivaa kwa haraka asubuhi!" Mtaalamu aliandika kwamba kama ungekuwa moto wa kweli tungekufa wote, ila tungekufa tumevaa viatu. Baadaye tulivihamishia viatu nje, ukutani, katika mistari. Kazi ya dharura imejaa vitu kama hivyo. Mtu anatafuta hatari kubwa, na hatari imelala mlangoni, ina kamba mbili na vumbi la nyayo.

Lakini sikuitwa niwachekeshe tu. Niwaambie la Chovai.

Kila siku saa mbili asubuhi nilizungukia vituo vya visiwani kwa redio. Kudha, kisha Chovai, kisha vingine. Kituo cha Chovai kilikuwa katika zahanati, na aliyekuwa akijibu alikuwa mhudumu wa afya, Amina. Tulizungumza hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Sikuwahi kumwona. Yeye alikuja Kismayo mara chache, kwa harusi na misiba, na siku hizo mimi nilikuwa nyumbani, na mimi kwenda kisiwani mmeshasikia habari zangu. Nilimjua kwa sauti. Nilijua akiwa amekosa usingizi, nilijua akiwa na mtoto mgonjwa chumba cha pili, hata kabla hajasema neno, kwa jinsi alivyovuta pumzi baada ya kubonyeza kitufe.

"Chovai, Chovai, hapa Kismayo. Wanipata?"

"Nakupata, Kismayo. Leo sauti yako ina mafua."

"Kidogo."

"Mafua? Mchu asotoka nyumbani mafua ayapata wapi? Yanapita chini ya mlango?"

Mchu ni mtu, kwa Kibajuni chetu. Nimeliacha neno kama alivyolisema kwa sababu nikiliandika kisanifu simsikii tena.

Mke wangu alipofariki, asubuhi ya nne nilirudi kazini. Chovai hawakunipa pole ndefu. Amina aliuliza, "Kismayo, umekunywa chai?" Nikasema bado. Akasema, "Kanywe, nangoja hewani." Nikaenda nikanywa, nikarudi, na alikuwa anangoja. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza kila asubuhi, na kwa mtu anayeamka peke yake katika vyumba vitatu, nyinyi, hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee ya kuniuliza jambo hilo.

Sasa, redio ile si simu. Ni chaneli ya wazi. Ukisema wewe, anasikia Kudha, anasikia mvuvi aliye kazini, anasikia mwenye duka la mafuta ya boti ambaye hana haja nayo ila anaiwasha kwa burudani. Siku moja nilisahau taratibu nikasema, "Amina, usiku wa jana ulikuwa mwema?" na kabla hajajibu ikaingia sauti kutoka Kudha: "Kismayo! Harusi lini? Sisi tutaleta kamba wa pilau!" Mwingine akadakia, "Na bwana harusi ataletwa kisiwani kwa gari?" Wiki nzima mjini waliniita bwana harusi wa hewani. Mwenye duka la sukari aliniuliza kama nataka mchele wa walima.

Nyinyi mngecheka mkaendelea. Mimi ni mtu wa kukaa ndani, kuchekwa kunanipata kama bahari. Kuanzia siku ile sikumwita tena kwa jina lake hewani. Nilimwita "Kituo cha Chovai". Yeye alinitania mara moja tu: "Haya, Kituo kimekusikia." Kisha akaliacha.

Kosa la kwanza ni hilo, lishikeni. La pili ni la fomu.

Katika fomu yetu ya kuhamisha watu kulikuwa na safu iitwayo idadi ya abiria. Na kwetu watu hawahesabiwi. Mama ana watoto wake, ukimuuliza wangapi atakwambia "wapo, alhamdulillahi". Ukimshupalia atakutazama kama mwizi. Katika zoezi moja la kisiwani kijana wetu alianza kuwanyooshea watu kidole wakipanda boti, moja, mbili, tatu, na bibi mmoja akamshika kile kidole. "Wanihesabia wajukuu kama mbuzi wa mnada? Aliyehesabiwa hapungui?" Watu wakashuka botini wote. Zoezi likafa.

Mimi nililelewa hivyo hivyo, mama yangu hakuwahi kunitaja kwa nambari. Basi nikaifuta ile safu kwa mkono wangu. Mahali pake nikaandika: "Hali: kheri / si kheri." Mwenye boti angesema kheri, yaani wote wamo, tumalize. Katika mkutano mkubwa nilisifiwa kwa kuheshimu mila za watu. Nilipigiwa makofi. Nilikwenda nyumbani nikitembea kama mtu mwenye gari.

Leo mna njia yenu, na mjue ilikotoka. Kila anayepanda boti anachukua kombe moja la chaza kutoka ndoo ya pwani, na akishuka upande wa pili analitumbukiza katika ndoo nyingine. Yanayohesabiwa ni makombe, na kila kaya ina mtu mmoja wa kutaja waliobaki kwa majina. Hakuna bibi aliyewahi kugomba. Hilo alilibuni Mzee Lali, lakini alilibuni baada ya siku ninayotaka kuwasimulia.

Siku yenyewe ilikuwa ya tufani. Upepo ulivuma siku mbili, na asubuhi ya tatu maji ya bahari yakaingia katika nyumba za chini za Chovai. Amina alinipa habari saa kumi na mbili, hakungoja zamu. "Kismayo, maji yamefika mlangoni pa zahanati. Si mvua. Ni ya bahari." Bi Hodan alisimama nyuma ya kiti changu, akasema watolewe wote, waletwe Kismayo. Boti nne zikaenda, Mzee Lali kwenye ya kwanza. Mimi nilibaki na kalamu na ubao mweupe, na juu ya ubao niliandika majina ya vituo, na mbele ya kila jina nikaacha nafasi.

Katika mpango wangu wa ukurasa mmoja kulikuwa na mstari nilioupenda: vifaa vya kituo viondoke na boti ya kabla ya mwisho. Niliuweka kwa sababu zamani redio moja ilizama na nikaitwa kujieleza. Amina aliufuata mstari huo kama ulivyoandikwa. Saa tano na nusu aliniambia, "Kismayo, nafungua waya. Redio yaja kwako na boti ya tatu. Tutaonana huko huko kwenu."

Nikajibu, "Nimepokea, Kituo cha Chovai."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Boti ya mwisho ilikuwa ya Avani, mtu mzima, baba wa watoto, mwendeshaji mzuri. Alikuwa na redio yake ndogo ya botini. Saa saba mchana akaita. "Kismayo, hapa Avani. Wote wamo. Chovai hakuna mchu."

"Hali?"

"Kheri."

Mzee Lali alikuwa amenifundisha jambo moja kwa miaka mingi, mpaka likanichosha: usisikilize anayesema tu, sikiliza ambaye hasemi. Kwa miaka kumi na mmoja neno la mwisho kutoka Chovai lilikuwa la Amina, iwe kipindupindu, iwe msiba, iwe Idi. Na sasa Chovai ilikuwa inafungwa kwa sauti ya mwanamume. Amina ni mtu wa kupokonya redio ya mwenzake ili aniulize kama nimekunywa chai. Nilijua. Nataka muelewe kwamba nilijua. Nilibonyeza kitufe nikafungua mdomo nimuulize Avani: Amina umempakia?

Na nikasikia chaneli nzima iko kimya, inasikiliza. Boti tatu, Kudha yote, mwenye duka la mafuta. Nikawaona wamekaa wakisubiri niseme jina. Nikawasikia kabla hawajasema: watu wanazama, kazee kanamtafuta bibi harusi. Kidole changu kikaachia kitufe. Nikakibonyeza tena, nikasema, "Nimepokea, Avani. Njooni salama." Nikasimama, nikaandika ubaoni, mbele ya Chovai: kheri. Kwa hati nzuri. Kisha nikafunua sahani niliyotoka nayo nyumbani.

Boti zilifika alasiri. Kutoka dirishani niliwaona watu wakipita na magodoro kichwani, wamelowa, nikafurahi. Kisha akaingia Mzee Lali, maji yanamtiririka kwenye zulia, amevaa viatu.

"Shee, Amina amekuja na boti gani?"

"Avani kasema wote wamo."

"Sikukuuliza Avani kasema nini."

Tukamwita Avani. Yeye alidhani Amina aliondoka na redio yake, boti ya tatu. Wa boti ya tatu walidhani amebaki amalizane na wa nne. Tukauliza kaya kwa kaya, na hapo ndipo likatoka la pili: Bi Mwanamkuu, shangazi yake Amina, mtu mzima asiyeweza kutembea, naye hayupo. Jamaa zake walijua yuko na Amina. Wote walikuwa wanajua. Hakuna aliyekuwa ameona.

Avani alinitazama. Hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu. "Ami Shee, ungeniuliza ningegeuza. Nilikuwa bado nayaona mapaa."

Bahari ilikuwa imefunga. Mzee Lali alijaribu mara mbili kabla ya magharibi, na mara zote mbili ilimrudisha mlangoni mwa bandari. Siku iliyofuata ilikuwa vile vile kutwa.

Nami nikafanya kazi yangu. Nilikaa nikaita. "Chovai, Chovai, hapa Kismayo, wanipata?" Redio ya Chovai ilikuwa pale pale ofisini, juu ya benchi, tumeiwasha tuone kama haikuingia maji. Haikuingia. Kila nilipoita ilipiga mluzi, kisha ikatoa sauti yangu. Nikaipeleka chumba cha pili nikafunga mlango. Nikaita tena, na nikajisikia nyuma ya mlango nikiuliza kama napatikana.

Bi Hodan alikuja na chai. Akasimama kidogo. "Adeer, redio yao si ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Sasa wamwita nani?"

"Naita tu."

Angeweza kuniambia niizime. Mtu mwingine angesema niende nikapumzike. Yeye alivuta kiti, akakaa, akanyamaza na mimi. Mkipata mkubwa wa namna hiyo kazini, msimhame.

Siku ya tatu asubuhi bahari ilitulia na Mzee Lali akaenda. Nilihesabu vigae vya dari. Nilihesabu misumari ya dirisha. Kabla ya adhuhuri akaita.

"Kismayo, hapa Lali. Amina yu hai. Mguu umevunjika. Tumemkuta juu ya tangi la maji, karibu na msikiti."

Nikachukua kalamu ya ubao. Akaendelea.

"Bi Mwanamkuu katangulia. Jana asubuhi. Twaja nao wote wawili."

"Nimepokea," nikasema. Ndilo neno letu la kazi. Nendeni nalo kwa tahadhari.

Baadaye tulipata habari kamili. Amina alikuwa akienda botini akaona mlango wa shangazi yake umeegeshwa kwa nje, kama walivyozoea kuuegesha wakati wanatoka kidogo na kumwacha ndani. Akarudi, akamkuta kitandani, maji chini ya kitanda. Akambeba mgongoni. Alipofika pwani, Avani alikuwa ameshasukuma. Akapunga leso. Watu wa boti walikuwa wanatazama mbele. Akampandisha shangazi ngazi ya tangi letu, lile la saruji, na aliporudi chini kuchukua blanketi akateleza, mguu ukaenda. Akapanda tena hivyo hivyo.

Alilazwa hospitali iliyoko mitaa miwili kutoka ofisini. Siku ya kwanza sikwenda. Nilisema anahitaji kupumzika. Siku ya pili nilisema kuna ripoti. Siku ya tatu Mzee Lali alinikuta nimekaa na ripoti ileile.

"Hujaenda?"

"Nitakwenda."

"Kwani hapo katikati kuna bahari gani?"

Nikaenda. Nilinyoa, nikavaa kanzu, nikanunua machungwa sita. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda vitano, nami nikasimama mlangoni nimekwama, kwa sababu sikujua yupi ndiye. Muuguzi akaniuliza namtaka nani. "Amina," nikasema. "Amina wa Chovai." Na kutoka kitanda cha dirishani:

"Kismayo! Sauti hiyo naijua. Ingia basi, mbona umesimama kama mkaguzi wa vyoo?"

Alikuwa mdogo wa umbo, na mvi zaidi yangu. Alinitazama juu mpaka chini. "Nilikudhania mrefu."

"Redio huongeza."

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka mguu. Nikampa pole ya shangazi yake, akaitikia. Nikamenya chungwa kwa sababu mikono yangu ilitaka kazi. Kisha nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya safu niliyoifuta, na mstari wa vifaa, na kitufe. Nilimwambia kwamba nilifungua mdomo nimuulize Avani kwa jina lake, na nikaogopa kuchekwa.

Akasema, akitazama dirishani, "Siku ile ya kwanza shangazi alikuwa alia. Nikamwambia, nyamaza, bibi, usihofu. Yuko mchu Kismayo asiponisikia mchana hali chakula. Sasa hivi, nikamwambia, amekaa, sahani iko mbele yake, haigusi. Ataigeuza boti. Akanyamaza. Kila baada ya muda akawa aniuliza, 'Bado hajala?' Nami namjibu, 'Bado.'"

Chungwa lilikuwa limekwisha kumenywa, nami nikaendelea kulimenya.

"Ulikula?" akaniuliza.

Vijana wangu, nimewahi kudanganya wafadhili, nimewahi kudanganya wataalamu wawili na mkaguzi. Pale sikuweza.

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Wali kwa samaki."

"Samaki gani?"

"Tasi."

"Wa kukaanga?"

"Wa kupaka."

"Ulimpika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Alivuta leso akajifunika uso. Mabega yakawa yanatikisika. Mimi niliyekuwa nikijua hali yake kwa pumzi moja, kutoka mbali kote kule, nilikuwa nimekaa dhiraa moja kutoka kwake na sikujua kama anacheka au analia. Nilingoja aseme. Nami sikumuuliza. Nilikaa na maganda mkononi mpaka muuguzi akaja kuniambia muda wa kuangalia wagonjwa umekwisha.

Usiku ule niliamua kumuuliza kama chini ya leso alicheka au alilia, na asubuhi nilikwenda mapema, kabla hata ya kunywa chai, nimeliweka swali mdomoni tayari ili nisipate nafasi ya kulimeza. Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa. Kaka yake alikuwa amekuja alfajiri, akasema muuguzi, amemchukua, wanakwenda Mombasa kwa binti wa huyo kaka.

Muuguzi akaniona nimesimama. "Ulikuwa nani wake?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mtu wa redio."